Motokaa Mpya Ikiisha Kuzoezwa, Shukrani ni za Nani?

Liko swali ambalo watu wengi huliona kuwa ni la mafundi tu, nalo ni hili: motokaa mpya ikiisha kupita siku zake za kuzoezwa, huwaje? Mwenye gari husema, "Sasa imekuwa nyepesi." Fundi husema, "Sasa imekaa." Nao wote wawili wasema kweli. Lakini nyuma ya swali hilo liko jingine, ambalo si la gereji peke yake, bali lamhusu kila mtu aliyepata kushika kitu kipya mkononi mwake: wepesi ule umetoka wapi, na shukrani zake apewe nani? Hilo ndilo nitakalo tulifikiri pamoja mwezi huu.

Tena tulifikiri tukiwa mahali, maana fikra isiyo na mahali hupotea kama moshi. Na tusimame Kiembe Samaki, katika kisiwa cha Unguja, kusini ya Mji Mkongwe, karibu na uwanja wa ndege. Hapo barabara haipumziki mchana kutwa. Daladala za namba 505 hupita zikichukua watu kati ya mjini na uwanja wa ndege. Teksi huenda kupokea wageni. Pikipiki za bodaboda hujipenyeza katikati. Wala gari la ng'ombe halijatoweka kabisa kisiwani. Mtu mwenye masikio akisimama kando ya njia hiyo, akafumba macho akasikiliza tu, ataweza kutambua injini ipi imetunzwa tangu ujana wake, na ipi iliumizwa mapema ikabaki na kikohozi chake mpaka leo.

Kwanza tueleze kuzoeza injini ni nini. Ndani ya injini mna silinda, nayo ni kama kinu cha chuma. Na ndani ya kinu hicho hupanda na kushuka pistoni, kama mchi. Lakini mchi huu umevishwa ringi za chuma mfano wa bangili, nazo ndizo zigusazo ukuta wa silinda, zikizuia nguvu ya moto wa juu isivuje chini, na oili ya chini isipande juu. Kiwandani ukuta huo hausuguliwi hata ukawa kama kioo. Huachiwa kwa makusudi mikwaruzo myembamba iliyopishana, ili oili ipate mahali pa kukaa. Na kati ya mikwaruzo hiyo hubaki vilima vidogo mno, visivyoonekana kwa jicho. Basi katika safari za kwanza vilima hivyo hulika kidogo kidogo, na ringi nazo hulika, mpaka vitu viwili vilivyotengenezwa mbalimbali vinalingana kama chungu na kifuniko chake. Unga wa chuma utokao hapo huchukuliwa na oili. Ndiyo sababu katika injini nyingi oili ya kwanza humwagwa mapema, ikatiwa nyingine safi.

Mtu asidhani kwamba kazi hii ni ndogo kwa kuwa haionekani. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, kila pistoni hupanda mara 3,000 na kushuka mara 3,000 katika dakika hiyo moja. Gari likienda mwendo wa kilometa 50 kwa saa, kilometa 1,000 ni safari ya saa 20. Na katika saa 20 hizo, kwa mzunguko huo, pistoni hupanda na kushuka mara 3,600,000. Kila mara moja ni mguso, na kila mguso huacha alama, iwe njema au mbaya.

Kwa sababu hiyo dereva huambiwa afuate masharti machache. Asikanyage mafuta mpaka mwisho. Asishike mwendo mmoja kwa muda mrefu, bali abadilishe, mara apande, mara ashuke. Asibebeshe mzigo mzito. Asiiache injini ingurume bure mahali pamoja. Tena asiikaze ingali baridi. Zamani chuma hakikuchongwa kwa usahihi kama leo, na masharti hayo yalikuwa mazito zaidi. Huko Uingereza wenye motokaa mpya walikuwa wakibandika tangazo katika kioo cha nyuma, kuwaambia wanaowafuata kwamba gari hili linazoezwa, tafadhali piteni. Siku hizi viwanda huchonga vizuri zaidi na oili ni bora, na baadhi ya watengenezaji wamelegeza masharti yao. Lakini vitabu vingi vya magari na pikipiki bado hutaja kilometa 1,000 au zaidi za kwenda kwa upole.

Lile tangazo la kioo cha nyuma lina fundisho. Mtu mwenye gari jipya kuliko yote njiani alikuwa akiwaomba wenye magari makuukuu wampite. Je, si vigumu? Tangu zamani mwanadamu akipata kitu kipya hutaka watu wakione kikiwa mbele. Kumbe kitu kipya ndicho kinachotakiwa kukaa nyuma kwa muda, wala si kwa kuwa hakina nguvu, bali kwa kuwa nguvu zake bado hazijapata mahali pa kukaa.

Sasa, siku hizo zikiisha, gari huwaje? Mwanzoni lilikuwa kama mtu aliyevaa viatu vipya: latembea, lakini kila hatua lajihisi. Likivuta, lavuta kwa uzito. Sauti yake ni kavu, nayo yasikika zaidi kuliko kazi ifanyikayo. Baada ya kuzoezwa, likiamshwa asubuhi huitika upesi. Sauti hushuka, ikawa moja, laini, isiyokatika. Mguu ukigusa tu, gari huelewa. Likipanda mlima halinung'uniki. Mafuta hutumika pungufu kidogo, na oili hubaki penye alama yake wiki hata wiki. Wala si injini peke yake. Gea huingia bila kugoma. Breki hushika vema zaidi, kwa kuwa zimekwisha kulingana na sahani zake. Na tairi, zilizotoka kiwandani zikiwa na utelezi, zimekwaruzika, zaishika barabara. Gari zima limekuwa kama watu wa nyumba moja waliokwisha kujuana, ambao mmoja akinyosha mkono mwingine ampa kijiko bila kuombwa.

Lakini tusisahau neno moja. Katika kilometa hizo 1,000 si gari peke yake lililozoezwa. Dereva naye amezoezwa. Mguu wake umejifunza kusubiri, sikio lake limejifunza sauti, jicho lake limejifunza kutazama mbali ili asilazimike kufunga breki kwa ghafula. Basi asemapo, "Gari limekuwa jepesi," sehemu ya wepesi huo imo ndani yake mwenyewe. Hili ni gumu kulipima, walakini ni kweli: upole aliolipa gari umemrudia yeye.

Wako wanaodhani kwamba, ikiwa upole ni mwema, basi upole ukizidi ni bora zaidi. Hilo silo. Ringi hazikai ukutani kwa kubembelezwa tu. Huhitaji kusukumwa na nguvu ya moto kutoka juu. Injini isiyopewa kazi kabisa, inayoachwa kunguruma uani au kuendeshwa kivivu siku zote, huweza kupatwa na dhara jingine: oili huungua penye ukuta wa silinda, ikaacha utando mgumu unaong'aa kama kigae, na ringi huteleza juu yake wala hazikai tena. Ndipo utakapoona gari jipya linakula oili na kutoa moshi wa buluu, na mwenyewe ashangaa, asema, "Mbona nimelitunza kama yai?" Wazee walikwisha kujibu: Mchelea mwana kulia, hulia yeye.

Basi wema unaotakiwa hapa si ukali wala si ulegevu, ni kazi kwa kipimo. Watu wa Unguja hawakungoja motokaa ili wajifunze haya. Anayemzoeza ng'ombe wa gari hamfungi gunia kumi siku ya kwanza, wala hamwachi zizini mpaka azeeke. Humpa gari tupu, kisha mzigo mdogo, kisha mkubwa. Mpishi naye akinunua chungu kipya hakiteleki juu ya moto mkali. Hukianza kwa maji na moto mdogo, ili udongo usishtuke. Na methali yasema, Samaki mkunje angali mbichi. Hapana nyakati nyingi za kumkunja samaki. Uko wakati mmoja, nao ni mfupi, na ukipita umepita.

Hapa ndipo tunapofika penye kiini cha swali letu, nacho chaonekana wazi zaidi Kiembe Samaki kuliko katika nchi zinazotengeneza magari. Maana magari mengi yapitayo hapo hayakununuliwa mapya. Yametoka Japani yakiwa yametumika miaka, yakaletwa kwa meli. Sababu zake ni nyepesi kufahamu. Wajapani huendesha upande wa kushoto kama sisi, na usukani wa magari yao uko kulia. Tena sheria yao hutaka gari jipya la mtu binafsi likaguliwe baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2; na ukaguzi huo una gharama, hata wengi huona heri kuliuza la zamani na kununua jingine. Kwa hiyo gari ambalo kwao limekwisha kuitwa la zamani, kwetu huanza maisha yake ya pili.

Basi fikiri, ndugu msomaji. Zile kilometa 1,000 za kwanza, zile mara 3,600,000 za kupanda na kushuka, zilikwisha kwenda kabla gari halijaiona bahari yetu. Zilikwenda katika njia tusizozijua, chini ya mguu wa mtu tusiyemjua. Labda alikuwa mwalimu, labda mwuza duka, labda mama aliyekuwa akipeleka watoto skuli. Siku moja alikuwa na haraka, naye akaachia mafuta kidogo, kwa kuwa gari lilikuwa jipya. Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyemsifu. Na baada ya miaka 10 au zaidi, usiku wa manane, mtu wa Kiembe Samaki aamka kumpeleka mgonjwa hospitali ya Mnazi Mmoja. Atia ufunguo, na injini yaitika mara ya kwanza. Ule mwitiko ni wa nani? Ni wa kiwanda, naam. Ni wa fundi wa hapa aliyebadilisha oili, naam. Lakini fungu moja ni la yule mgeni aliyejizuia mwanzoni, ambaye pengine jina la Unguja hajapata kulisikia.

Au ilikuwa kinyume chake. Labda mwenyewe wa kwanza alilikimbiza tangu siku ya kwanza, akisema moyoni, "Mimi nitaliuza baada ya miaka michache, yatakayolipata huko mbele si yangu." Wala hakukosea hesabu yake. Injini iliyoanzwa vibaya haifi siku ile ile. Hungoja. Humtumikia aliyeiumiza, na kuja kumdai asiyekuwa na kosa. Hii ndiyo sifa mbaya ya makosa ya mwanzo: mara nyingi aliyeyatenda si yeye ayalipaye.

Basi swali la haki ni hili: je, mtu ana wajibu kwa yule asiyemjua, asiyekuwapo, asiyeweza kudai wala kushukuru?

Yuko atakayejibu, "Gari ni mali yangu. Nimelinunua kwa fedha yangu. Nikitaka kulipiga mwereka, nani atanizuia?" Jibu hili lina nguvu kidogo, lakini halifiki mbali. Fedha yake imenunua gari. Haikununua watu watakaolipanda baada yake. Kama angalilitumia mpaka liishe kabisa mikononi mwake, hapo angeweza kusema hasara ni yake peke yake. Lakini alitaka kuliuza, na aliuzalo si chuma tu, ni tumaini la mnunuzi. Naye mnunuzi aweza kuona nini? Hufungua boneti, husikiliza, hutazama rangi ya moshi, hutazama mita ya kilometa, na hata hiyo wako watu waovu wanaoirudisha nyuma. Siku za kwanza hazimo katika mita. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Mwingine atajibu, "Wajibu ni deni, na deni sharti liwe na mwenye kudai. Hapa mdai hayupo. Basi deni hakuna." Huyu afikiri kwa akili zaidi, lakini mimi naona amekosea mahali pamoja. Mtu asiyekuwapo leo si sawasawa na mtu asiyekuwa kamwe. Gari likiuzwa, hapana budi yuko atakayelinunua. Jina lake tu ndilo lisilojulikana. Mtu akiweka mtego njiani gizani, hasemi, "Sijui atakayepita, basi simdhuru mtu." Madhara hayahitaji jina ili yawe madhara.

Tena iko sababu nyingine, nayo kwangu ndiyo kubwa. Mwenyewe wa pili aweza kubadilisha oili, aweza kununua tairi, aweza kupaka rangi. Lakini siku za kwanza hawezi kuzirudisha. Kama ringi hazikukaa, dawa yake ni kuifungua injini yote na kuisugua upya, kazi ya gharama nyingi ambayo maskini hawezi. Yule wa kwanza aliweza kwa kuinua mguu wake tu. Jambo likiwa jepesi kwa mmoja, na kwa wengine wote halina njia, basi wajibu wake waanguka juu ya huyo mmoja. Hauangukii kwake kwa kuwa ametenda ubaya. Wamwangukia kwa kuwa amesimama mahali ambapo hapana mwingine awezaye kusimama.

Lakini sasa tusiende haraka, tukawahukumu watu kutoka barazani. Maana liko neno zito zaidi kuliko la mwenye majivuno, nalo ni la mwenye njaa. Magari twayapata yakiwa yametumika. Lakini pikipiki nyingi za bodaboda hununuliwa mpya kabisa. Kwa desturi mwenye mali hununua chombo, akampa kijana. Kijana humpelekea hesabu kila siku, au hufunga mkataba kwamba akilipa fedha kadha wa kadha kwa muda waliopatana, chombo kitakuwa chake. Hapo ndipo sheria ya kitabu na sheria ya tumbo zinapokutana njiani, na njia ni nyembamba.

Tuseme kijana aenda kilometa 100 kwa siku. Basi kilometa 1,000 ni siku 10. Katika siku hizo 10 asibebe watu wawili kwa pamoja, asichukue magunia, asikimbilie kila mteja aitaye kwa mbali. Akifuata hayo, mapato yatapungua. Lakini hesabu haipungui. Basi aenda kwa mwenye chombo, asema:

"Shikamoo, mzee. Chombo bado kichanga, na kitabu chasema tusikikaze. Naomba unipunguzie hesabu siku kumi hizi, nami nitafidia polepole."

Mzee naye ajibu: "Marahaba, mwanangu. Wasema kweli. Lakini fedha ya chombo hiki nami nimeikopa, na mkopo wangu hauna siku za kuzoezwa."

Nani kati yao ana haki? Kijana asema kweli, na mzee asema kweli. Tukimwambia kijana, "Vumilia, enda polepole," tumempa neno jema lisilolika. Kumwambia mtu ajizuie bila kumpa nafasi ya kujizuia si kumfundisha, ni kumtwika. Atakwenda mbio, si kwa ujinga wala kwa ukaidi, bali kwa kuwa jioni yaja. Na chombo kikiharibika baada ya mwaka, watu watasema, "Vijana wa siku hizi hawajui kutunza." Hapo tutakuwa tumemtoza faini kwa jambo ambalo sisi wenyewe tulimlazimisha.

Mimi naona haki hapa ni kulitazama fungu la kila mmoja kwa kipimo kile kile tulichokitumia kwanza: yupi awezaye, na kwa bei gani? Siku 10 ni hasara ndogo, tena yajulikana kabla. Chombo kikitumika miaka 5, siku zake ni 1,825. Siku 10 katika hizo ni kama punje moja katika kiganja. Anayeandika mapatano ndiye awezaye kuiweka hasara hiyo mahali pake tangu mwanzo, kabla ufunguo haujatoka mkononi mwake: siku kumi hizi hesabu ni nusu, na muda wa mkataba utaongezwa kidogo. Na kama yeye naye amekopa, aliyemkopesha aweza kufanya vivyo hivyo, kwa kuwa chombo kizima ndicho dhamana ya fedha yake. Wajibu haukomi kwa mwenye kushika usukani. Hupanda juu, mpaka ufike kwa yule ambaye punje ile haimwumi. Kwa kijana wabaki wajibu wake pia, nao ni huu: akipewa nafasi, aitumie kama ilivyokusudiwa, wala asiichukue nafasi kwa mkono mmoja na mbio kwa mkono wa pili.

Na mambo haya hayaishi penye vyuma. Mwanafunzi wa fundi siku zake za kwanza gerejini, mtumishi mgeni kazini, mtoto katika darasa la kwanza, wote wana kilometa zao 1,000. Lakini tuangalie mfano usituchukue mbali kupita kiasi. Injini haiombi ruhusa wala haina utu. Mtu akianzwa vibaya aweza bado kuinuka, na wengi wameinuka. Walakini ajuaye kwamba mtu aweza kuinuka hapati ruhusa ya kumwangusha. Na mwalimu wa siku za kwanza, kama yule dereva asiyejulikana wa Japani, kwa kawaida hayuko tena wakati matunda yanapoonekana.

Limebaki neno la mwisho, nalo ni juu ya siku ile masharti yanapokwisha. Methali yasema, Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Gari lililozoezwa lataka jembe lake. Aliyelitunza kwa miezi, kisha akaendelea kulifunika turubai uani ili lisichakae, amesahau kwamba alilizoeza kwa ajili ya kazi. Libebe watu, lipande milima, liende shamba na kurudi; ndivyo lilivyoumbwa.

Lakini siku ile ile ndiyo siku ya jaribu kwa dereva. Mpaka jana kitabu kilimwambia, "Usipite hapa." Leo kitabu kimenyamaza. Mbele yake iko barabara ya uwanja wa ndege, nyeupe, iliyonyoka, injini ni nyepesi, yaitikia kila mguso, kana kwamba yasema, "Niko tayari." Kando ya njia watoto watoka skuli, na mwanamke mwenye kapu angojea kuvuka. Sasa ndipo itakapojulikana kama ule upole wa siku za kwanza ulikuwa wake, au ulikuwa wa kitabu. Kama alijizuia kwa kuogopa hasara ya chuma tu, basi hofu imekwisha, na mguu utashuka. Kama alijifunza kweli, ataona kwamba wale walio kando ya njia ni watu wale wale tuliowasema tangu mwanzo: hawajui jina lake, hawawezi kumdai, wala hawatamshukuru kwa kuwa hakuna lililowapata.

Basi, motokaa mpya ikiisha kuzoezwa, shukrani ni za nani? Sehemu ni ya aliyeichonga; sehemu ni ya aliyeianza; sehemu ni ya fundi; na sehemu, kama kulikuwa na hesabu ya kupunguzwa, ni ya yule aliyekubali kuipunguza. Wengi wao hatutawaona kamwe, wala salamu zetu hazitawafikia. Basi shukrani isiyoweza kurudi kwa waliotutangulia, na tuwape wanaokuja. Mwenye kukabidhiwa kitu kipya leo, kiwe gari, kiwe chombo cha magurudumu mawili, na akianze kwa kipimo. Na mwenye kukabidhi, asidai katika siku kumi kile kilichowekewa miaka mitano. Atakayekipokea baada yetu ataamka usiku mmoja, atatia ufunguo, nacho kitaitika.